Afande Fisi na Mtandao wa Kasuku

Sogeeni karibu, na mwenye simu aifunike uso chini, maana habari hii inahusu masikio yasiyoalikwa.

Mwaka ambao mvua za vuli zilipita juu bila kushuka, Mto Ngole ulibaki utepe wa matope kati ya nchi mbili. Upande huu alitawala Simba, ambaye hakuwahi kupita penye dimbwi bila kusimama kujitazama manyoya ya shingo. Upande wa pili, Ng'ambo, alitawala Tembo, mpole na mzito wa kuamua. Kiu haikuheshimu mpaka. Kila mnyama alikuwa na ndugu upande wa pili, na wote walitaka kujua yale yale: huko kwenu kuna maji? Nyasi je? Watoto wazima?

Habari hizo zilibebwa na kasuku, ambao makazi yao yalikuwa Ng'ambo, kwenye mikuyu. Ulimnong'oneza kasuku mmoja, naye akayatunza maneno yako kichwani kwa sauti yako ile ile, hata kikohozi chako kikiwa ndani yake. Hakumpa mwingine ila yule aliyetoa alama ya siri mliyoagana: kugonga kwato mara tatu, kutikisa mkia kushoto, au kupiga chafya mbili. Wanyama wakauita mtandao wa kasuku. Wakauzoea, na baadhi yao wakauambia mambo ambayo hata waume zao hawakuyajua.

Polisi waliotaka kusikia maneno ya mtu iliwabidi wapande kwa Jaji Kobe wa Ng'ambo. Kobe aliuliza maswali mawili tu: unamshuku nani, na kwa sababu gani? Akiridhika alitoa kibali. Asiporidhika alirudisha kichwa ndani ya gamba, na kikao kikaishia hapo.

Mkuu wa polisi wa Simba, Afande Fisi, hakuyapenda maswali hayo. Sababu zake nyingi zilikuwa tumboni, na tumbo si jambo la kumweleza jaji. Ikatokea kundi la nyani likawa linaiba akiba za chakula ukingo huu na kukimbilia ule. Wizi ulikuwa wa kweli na wanyama walilalamika kweli. Fisi akaona hapo ndipo pa kupenyea. Akawaambia wafalme wote wawili kwamba nyani hawamsubiri Kobe avae miwani, kwa hiyo polisi nao wasimsubiri. Simba alikubali kwa sababu hotuba ilimsifu mara tisa. Tembo alikubali kwa sababu alichoka kusikiliza. Wakatia nyayo zao kwenye gome la mti, na huo ukawa Mkataba wa Kingo Mbili. Wananchi hawakusomewa.

Hawakusomewa, na hilo ndilo lililomuudhi Sungura kuliko ukame wenyewe, siku alipokuja kujua.

Sungura huyu alikuwa msichana wa maneno. Tangu utotoni alibishana na kila aliyesema "ndivyo ilivyo", mpaka mwalimu wake, Kunguru, akaomba uhamisho. Rafiki yake mkubwa alikuwa Digidigi, mama wa mtoto mmoja, mpole, mwoga wa kila kivuli. Wiki ile Digidigi aligundua kijichemchemi chini ya jiwe, nyuma ya vichaka vya miiba. Maji yalitoka kidogo kidogo, kiasi cha kuwatosha wanyama wadogo wa kitongoji chao hadi mvua. Hakumwambia mtu, isipokuwa dada yake aliyeolewa Ng'ambo. Alimtumia kasuku: lete wanao, kuna maji, njooni kabla hamjaishiwa nguvu.

Asubuhi iliyofuata dada hakuwa amefika. Aliyefika ni Fisi, na askari wawili. Akamkamata Digidigi kwa kosa la kuhodhi maji wakati wa ukame, akamfungia kwenye boma la miiba, na kutangaza kwamba kesi ingesikilizwa kesho yake mbele ya Simba. Adhabu ya kuhodhi ni kufukuzwa nchini, na jangwa lilianzia pale nchi ilipoishia. Mama mwenye mtoto anayenyonya asingefika mbali. Chemchemi ikawekewa ulinzi, ati kwa manufaa ya umma. Umma ulikaa mbali ukimeza mate.

Sungura alikwenda bomani mbio.

"Shoga, ulimwambia nani?" aliuliza kupitia miiba.

"Dada yangu peke yake. Hata wewe sikukwambia, na ninaona haya."

"Haya utaona baadaye. Ulimwambia kwa mdomo wa nani?"

Digidigi alifumba macho. "Kasuku."

Sungura akavuka mto kwa kurukaruka juu ya matope. Chini ya mikuyu alimkuta Kasuku mkuu akijipekua manyoya kwa aibu ya mtu anayejua ameletewa lawama. Kasuku hakuficha. Alisema Fisi alikuja jana, hakutaja kosa wala mshukiwa. Aliomba tu kila neno lenye "maji" ndani yake, na mkataba ulisema apewe. Akaliteremsha gome. Sungura akasoma kwa sauti, na sauti ikazidi kupanda: askari wa ukingo wowote akitaka maneno ya mnyama yeyote, apewe papo hapo, pasipo jaji, na mwenye maneno asiambiwe.

"Na mlikubali?" aliuliza.

"Dada, mimi ni ndege. Wafalme wawili wametia nyayo."

"Mnyama yeyote. Hawakutengwa hata wakubwa?"

Kasuku alikiri kwamba Tembo alipendekeza hivyo: wakubwa wa serikali wasiguswe. Fisi ndiye aliyekataa katakata. Kila mtu alimsifu kwa usawa wake, mpaka siku ya kwanza ya mkataba, alipokuja kuuliza Waziri Chui anatundika nyama mti gani.

Sungura alikaa kitako. Halafu akacheka, peke yake, kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. Mtu mwingine angejiwekea kinga kwanza kisha awadhulumu wenzake. Fisi aliona kinga ile ingemnyima paja la swala, akaitupa.

Lakini Sungura hakuwa askari. Akamtafuta dada yake Digidigi, wakaenda pamoja kwenye kituo cha Sajini Ngiri, askari wa Ng'ambo anayetembea mkia juu hata akiwa hana pa kwenda. Dada akaeleza kwamba maneno aliyotumiwa yeye, raia wa Ng'ambo, yamechukuliwa njiani na askari wa nchi nyingine. Ngiri alipekua kitabu chake cha makosa toka mwanzo hadi mwisho, akakuna pembe.

"Siwezi kuyaomba maneno ya Afande Fisi hivi hivi," alisema. "Lazima niwe na kosa la kuandika."

"Soma mkataba, Sajini. Unahitaji kosa?"

Ngiri akasoma. Akarudia. Mkia ukashuka taratibu.

"Sihitaji," alisema. "Sihitaji chochote. Hata mke wangu naweza kumsikiliza, na mama mkwe." Akafunga kitabu chake. "Na wao wanaweza kunisikiliza mimi kupitia askari wa upande wa pili. Toba."

"Basi utumie mara moja tu, mbele ya watu wote, wauone ulivyo," Sungura alimwambia. "Kisha tuuvunje."

Kesho yake uwanja wa Simba ulijaa pomoni. Digidigi alisimama katikati, mtoto akimnyonya bila habari na mashtaka. Fisi aliongea kama mtu anayetafuna. Alieleza jinsi mkataba unavyolinda taifa, jinsi ulivyofichua mhodhi hatari mwenye urefu wa magoti. Aliyelalamika kuhusu maneno yake kusikilizwa, alisema, huyo ana lake jambo. Mwenye moyo safi hana cha kuficha.

Sungura akaomba ruhusa ya kuuliza swali moja. Simba, aliyekuwa akifurahia kutazamwa na umati, akaruhusu.

"Afande, neno lako hilo linakuhusu na wewe?"

"Linanihusu mimi kwanza," Fisi alisema, kifua mbele. "Maneno yangu yasomwe hata sokoni."

"Ahsante. Sajini, karibu."

Ngiri akaingia mkia juu, Kasuku begani. Akalisoma ombi lake la kiserikali la kupewa maneno ya Fisi, mstari mmoja tu, maana mkataba haukudai wa pili. Fisi alikuwa amejenga daraja la kupita yeye, na siku zote hizo hakufikiri kwamba upande wa pili nao wana miguu.

Kasuku akakohoa kikohozi cha Fisi. Halafu ikasikika sauti ya Fisi, ikizungumza na mkewe aliyekwenda kusalimia kwao Ng'ambo: "Mke wangu, kisima cha yule digidigi nimekipata. Waite wajomba zako wote, waje na vibuyu. Mzee Manyoya nitamwambia kimekauka. Yule mpe dimbwi la kujitazama, nchi ataisahau." Kikafuata kile kicheko chake, chote, mpaka pale kinapokwama puani.

Wanyama walicheka hadi punda milia mmoja akalala chini. Simba hakucheka. Alisimama, na Fisi akakaa. Kabla jua halijasogea, cheo kilikuwa kimemtoka, ulinzi umeondolewa kwenye chemchemi, na Digidigi amefunguliwa.

Mambo yangeishia hapo kama Simba asingegeuka kumtazama Kasuku kwa jicho jipya.

"Ndege huyu ni hazina," alisema polepole. "Mkataba ubaki. Kuanzia leo nataka kusikia nani mwingine ananiita Mzee Manyoya."

Kicheko kikakatika. Waliokuwa mbele wakaanza kurudi nyuma. Sungura alihisi ulimi unamkauka, lakini ulimi wake hata ukikauka hufanya kazi.

"Mtukufu, upo ndani ya haki yako," alisema. "Naye Sajini yupo ndani ya yake. Anaweza kuomba ya mnyama yeyote."

Ngiri, mtu wa utaratibu, akaomba. Kasuku akajaza kifua, na uwanja mzima ukasikia sauti nzito ya Simba, ila imelegea, imekuwa ndogo, kama ya mtoto aliyeumia goti: "Mama..."

"Inatosha, Kasuku," Sungura alisema. "Hayo ni yake."

Kasuku akafunga mdomo. Simba alikuwa ameshika kidevu, akitazama ardhi. Halafu akauliza, bila kuunguruma, kama gome lile linaweza kupasuliwa na mfalme mmoja au ni lazima wawe wawili. Ngiri alisema Tembo angefurahi kutoulizwa. Simba akalipasua kwa meno.

Mkataba mpya ulisomwa hadharani kingo zote mbili. Polisi wakimsaka mwizi anayevuka mto, watasaidiana; lakini kwanza wamweleze Jaji Kobe wanamshuku nani na kwa nini, na kesi ikiisha mwenye maneno aambiwe. Nyani walikamatwa kwa mkataba huo huo mwezi uliofuata, kwa sababu walikuwa na sababu ya kukamatwa. Fisi alipewa kazi ya kuchimba mfereji wa kuwapelekea wadogo maji, na kila akiomba kupumzika, Kobe humuuliza kwa nini.

Dada yake Digidigi alivuka na wanawe wakiwa wazima. Jioni walipokuwa wakinywa, Digidigi alimsogelea rafiki yake na kumnong'oneza kwamba hajalala vizuri tangu siku ya kesi, anawaza. Hivi Simba alimwambia nini mama yake?

Masikio ya Sungura yalisimama yote mawili. Yeye pia yalimwasha, tena sana.

"Shoga," alisema, akiyashusha kwa mikono, "kamuulize mwenyewe."