Ngazi za Nyumba ya Anga

Mji Mkongwe, katika kichochoro kimoja kinachotokea upande wa Darajani, ilikuwapo nyumba ya ghorofa iliyokaa miaka mingi bila ya mwenyewe. Kuta zake zilivimba kwa unyevu na popo ndio waliokuwa wapangaji. Kisha ikatengenezwa, ikapakwa chokaa ikang'ara kama yai lililomenywa, na juu ya mlango wake wa njumu za shaba pakatundikwa kibao: "Nyumba ya Anga. Wote Mnakaribishwa." Chini paliwekwa duka la zawadi za wageni. Juu kabisa, chini ya paa, kikatengenezwa chumba cha nyota, chenye kuba jeusi. Taa zikizimwa na projekta ikiwashwa, kuba hujaa nyota utadhani umelala uwanjani shamba usiku wa giza.

Kati ya duka na nyota kulikuwa na ngazi. Zilikuwa ngazi za kikwetu hasa, nyembamba, zimesimama kama ukuta, na kila kidato na kimo chake.

Bi Mwanapili, mshona kofia wa Kikwajuni, alizijua ngazi hizo hata kabla hajaziona. Tangu gari alilopanda lipinduke njia ya Mkokotoni, miguu yake ilikufa ganzi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Bintiye wa pekee, Nassra, alichaguliwa na skuli yake awaeleze wageni habari za mwezi siku ya ufunguzi. Alikuwa hodari wa masomo, lakini mbele za watu sauti ilimkauka kama kisima cha kiangazi. Kwa hiyo mama na mtoto wakapanga hila yao jikoni. Nassra angeanza kwa kitendawili walichokitunga wenyewe: bibi harusi kakaa juu ya ukumbi, kila mgeni kamwona uso, kisogo chake hakuna akijuaye. Jawabu lake mwezi.

"Huko ndani giza, mama, sitakuona," alisema Nassra. "Lakini nikishaisikia sauti yako inaitika, yaliyobaki yote nnayajua."

"Nitaitika mpaka popo wahame," alijibu mama yake.

Wakati matengenezo yakiendelea, Bi Mwanapili alimwendea Bwana Mansour, msimamizi wa nyumba ile, akamkuta amekaa barazani nje.

"Bwana Mansour, chumba cha nyota kiwekeni chini. Duka ndilo lipande juu."

Bwana Mansour akacheka. Alikuwa mtu mwema, mwepesi wa salamu na wa kuchangia misiba. "Nyota nizitie chini ya ngazi, Bi Mwanapili? Watu watatucheka. Mahala pa nyota ni juu."

"Nyota zenyewe si zimo ndani ya mashine? Mashine haijui kama iko juu au chini."

"Wewe usijitie tabu. Vijana wapo, wana nguvu kama punda. Siku hiyo njoo tu, tutakubeba kama malkia. Jambo dogo hilo."

Alilisema kwa moyo safi. Bi Mwanapili aligeuza kiti chake akarudi kwenye kofia zake.

Siku ya ufunguzi ikafika. Baada ya sala ya Alasiri kichochoro kilijaa kanzu na mabaibui, na harufu ya udi ikapambana na harufu ya mtaro. Nassra alitangulia juu na wanafunzi wenzake. "Panda, mwanangu, nnakuja," mama yake alimwambia.

Ubwa na Suhaib, wachukuzi wawili, wakaja na wenzao wengine wawili.

"Bismillahi, bibie," alisema Ubwa. "Tushike wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyejiuliza tangu mwanzo. Walishika walipopata. Kiti kikainuka, baibui likapanda mpaka magotini, na watu wote pale chini wakawa wanatazama. Mkono mmoja wa Bi Mwanapili ulivuta nguo, wa pili uling'ang'ania kiti, na hakuna uliofanya kazi yake sawasawa.

"Taratibu, jamani. Mie sijafa bado mkanibeba wanne."

"Usiseme hivyo, bibie, utatutia mkosi," Suhaib alisema huku akitweta.

Kwenye kona kiti kikakwama baina ya ukuta na nguzo. Walipokuwa wakisukuma huku na wakivuta kule, sauti ikatoka chini: "Pisheni njia, mgeni rasmi anapanda."

Wakamweka pembeni, kwenye kijukwaa cha ngazi, uso umeelekea ukutani. "Subiri hapa kidogo, bibie. Akishapita tunarudi."

Mgeni rasmi akapita. Nyuma yake wakapita wengi, na mwanamke mmoja akamgusa bega akasema, "Pole, dada." Kisha Ubwa akaitwa kubeba makreti ya soda. Suhaib akadhani Ubwa amerudi, Ubwa akadhani ni Suhaib. Juu, mlango ukafungwa ili giza likamilike.

Bi Mwanapili alitega sikio. Sauti ya mwanawe ilimfikia nyembamba, kama uzi unaopita tundu la sindano.

"Kitendawili."

"Tega," aliitika kwa nguvu zake zote. Lakini ukumbi mzima nao uliitika papo hapo, na sauti yake ikamezwa.

"Kitendawili," Nassra akarudia. Watu wakacheka, wakaitika tena. Mama yake naye akaitika, mara hii mpaka kifua kikamuuma, akiupigia kelele ukuta ulio mbele yake. Hapakuwa na mara ya tatu. Ikasikika sauti nzito ya mtu mzima: "Mtoto kasahau. Tumpigieni makofi."

Makofi yakapigwa.

Wageni waliposhuka, Nassra alikuwa wa mwisho. Alipomwona mama yake alisimama kidato cha juu yake, macho mekundu.

"Nilidhani umeanguka," alisema. "Sikukusikia. Nikawa nnaiona ngazi tu, sikuuona mwezi."

"Niliitika, mwanangu."

Bwana Mansour akatokea na sahani ya sambusa. "Lo, Bi Mwanapili, mbona uko hapa? Hawa vijana nitawasema. Ngoja niwaite wakushushe."

"Usiwaite. Nishabebwa, yatosha."

Akajitelemsha kitini, akakaa juu ya kidato, akaanza kushuka kwa makalio, kidato baada ya kidato. Nassra alishuka mbele yake kinyumenyume, ameushika upindo wa baibui la mama usipande. Pale chini watu waliokuwa wakinywa soda hawakujua watazame wapi. Bwana Mansour alitazama sambusa zake.

Skuli ilipomtaka Nassra asimame tena mbele za wageni, alikataa. Aliulizwa sababu, akainamisha kichwa, na vitabu vyake vya anga akavirudisha maktaba.

Bwana Mansour naye mambo yale yalimsikitisha kweli. Jioni moja alikuwa akiwasimulia wenzake barazani, kikombe cha kahawa mkononi. "Yule bibi ana kiburi," alisema. "Ngazi zenyewe chache tu, na watu wa kumbeba wapo. Kakataa, kachagua kujiaibisha. Ningelikuwa mimi, ningebebwa nikashukuru."

Wenzake wakatikisa vichwa kumkubalia. Kisha wakainuka kwa miguu yao, mmoja mmoja, wakenda zao kusali Magharibi.

Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakukosea.