Sabufa Nne za DJ Radi

Nilijiita DJ Radi, jina kubwa kuliko muziki wangu: sabufa nilikuwa nayo moja, tena inakohoa. Tajiri Mshangama akataka nne kwenye harusi ya bintiye. “Na wapiga muziki hawaonji pilau yangu,” akaonya.

Nikapigilia maboksi matatu ya plaiwudi, matupu, nikayapanga juu ya ile moja.

Mshangama akatega sikio kwenye boksi la juu. “Hili mbona halisemi?”

“Bezi haisikilizwi kwa sikio, mzee. Weka mkono.”

Akaweka, likamtetemesha, akatabasamu.

Sherehe ilipokwisha alinikuta nahangaika na boksi, akanisaidia kulibeba. “Mbona zito hivi?”

“Sabufa ikichoka huwa nzito, mzee, kama mtoto aliyelala.”

Nyumbani mke wangu akalifungua, akapaza sauti: “Majirani, leteni sahani, pilau bado ya moto!”

Siku hiyo tu ndipo mtaa mzima uliposifu sabufa zangu.