Muhuri wa Bwawa la Lukwale

Mmeisikia leo kikaoni, mkacheka: muhuri haupimi maji. Msiicheke. Methali hii ilianza hivi.

Kampuni moja ya wahandisi ilijenga bwawa huko Lukwale. Watu wale wakishapiga muhuri kwenye mpango, umepigwa, haubadilishwi tena. Programu ya kuendesha lango la bwawa waliwapa Tusekile na wenzake watano, ambao desturi yao ilikuwa nyingine: hujenga kidogo, na kila Ijumaa ya pili humwonyesha atakayeitumia, akosoe, warekebishe.

Wa kukosoa alikuwa Ambakisye, mlinzi wa lango. Ijumaa moja ya Januari alitazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Binti yangu, mvua kubwa ikija, kipimo hiki cha maji huzibwa na takataka. Kitasema maji machache, na lango halitafunguka. Niwekeeni kitufe nilifungue mwenyewe."

Baada ya siku nne kitufe kilikuwa tayari. Tusekile akakipeleka kwa Mhandisi Mkuu Lwitiko.

"Kwenye mpango hakimo," alisema Lwitiko bila ukali. "Na mpango una muhuri. Kamati ya mabadiliko inakaa Aprili."

"Mvua ni Machi, mzee."

"Utaratibu ni utaratibu, binti. Leo kitufe, kesho nini?"

Tusekile angeweza kukiweka kimyakimya, maana nywila alikuwa nayo. Lakini aliogopa kupoteza kazi, akangoja. Hajajisamehe mpaka leo.

Machi maji yalipanda. Kipimo kikaziba, kikasoma mita moja. Ambakisye alipiga simu ofisini mara tatu, akaambiwa kipimo kinaonyesha salama. Basi akashuka na nondo, akang'oa komeo la lango kwa mikono yake. Lango likafunguka, kijiji kikapona, na yeye maji yakamchukua. Walimpata kesho yake kwenye mashamba ya mpunga.

Lwitiko alikwenda msibani na faili. Akawaeleza wafiwa, naye akiamini kabisa, kwamba kila kitu kilifanywa kama kilivyopangwa, akawaonyesha muhuri. Mjane aliutazama, akaugusa kwa kidole.

"Baba," alisema, "muhuri haupimi maji."

Tusekile, mkekani pale, alishindwa kuinua macho. Kitufe kilikuwa bado kwenye kompyuta yake, kinafanya kazi vizuri.

Aprili kamati ilikaa, ikakipitisha, ikakipigia muhuri.

Basi mkiletewa jambo na mtu aliyesimama kwenye maji, nanyi mkataka kumjibu kwa karatasi, mkumbukeni Ambakisye. Muhuri haupimi maji.