Bi Kiboko na Juisi ya Kupunguza Tumbo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitika kinyonge kama watu waliokunywa maji ya tango tangu asubuhi. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, hao ndio walioshiba. Kaeni. Watoto mbele, vitambi nyuma.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakialikana harusi, aliishi Bi Kiboko katika bwawa lililozungukwa na mafunjo. Bi Kiboko alikuwa mnene. Sikusema amejaaliwa, nimesema mnene. Mnene mbele, mnene nyuma, mnene ubavuni. Akitembea, ti! ti! ti! Akiingia majini, chubwi! Samaki wa upande wa pili wanajikuta nchi kavu, wanatukana.

Lakini unene ule ulikuwa na kazi. Kila kiangazi mafunjo yalisongamana, yakaziba mfereji unaoleta maji kutoka mtoni. Na kila kiangazi Bi Kiboko aliinamisha kichwa, akatanguliza tumbo, akasukuma. Kacha! Kacha! Kacha! Mafunjo yanalala, maji yanaingia, bwawa linapona. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na bibi yake. Wanyama wote walikunywa hapo, na hakuna aliyewahi kusema ahsante. Ndivyo tulivyo.

Bi Kiboko alikuwa na mtoto mmoja tu, Tipwa. Na mtoto wa kiboko hawezi kukaa juani. Akikosa maji ngozi inapasuka, na ikipasuka sana, mtoto hana siku nyingi. Likumbukeni hilo.

Basi Swala akamwoza binti yake. Bi Kiboko akajipaka matope mazuri, akamshika Tipwa, akaenda harusini. Akacheza ngoma, akachoka, akatafuta pa kukaa. Akakaa. Bwa!

Alikalia sufuria la pilau. Bibi harusi akala ndizi siku ya harusi yake.

Swala, mwenye miguu kama njiti, akapaza sauti mbele ya wageni wote: "Jamani Bi Kiboko! Hilo ni tumbo au ni kijiji? Mjumbe wake nani?"

Wageni wakaangua kicheko. Fisi akacheka mpaka akajikojolea. Tipwa naye akacheka, maana mtoto hajui. Hapo ndipo Bi Kiboko alipoumia, tena aliumia kweli. Akarudi nyumbani wali umemganda matakoni, asipate hata moyo wa kujifuta.

Kesho yake Nyani akabisha hodi.

"Pole bibie. Nimesikia ya jana. Kwani unakula nini wewe?"

"Nyasi."

"Nyasi!" Nyani akajishika kichwa. "Zitakumaliza hizo! Acha nyasi. Acha kutafuna kabisa. Kutafuna ndiko kunakonenepesha. Kuanzia leo wewe ni wa kunywa tu."

"Ninywe nini?"

"Juisi. Inatengenezwa hapa hapa nyumbani, mbele ya macho yako. Nanasi, papai, ndimu kidogo, tangawizi kidogo. Inayeyusha mafuta yote."

"Na malipo?"

"Malipo! Mimi na wewe, majirani? Wewe ng'oa mananasi na utikise miti tu, matunda yaanguke. Nitakamua, nitachuja, utakunywa. Makapi nitakwenda kuyatupa mwenyewe, usijichafue."

Wahenga wamesema rahisi ni ghali. Lakini mtu mwenye wali matakoni hana masikio ya wahenga.

Ikawa ndiyo kazi. Asubuhi Bi Kiboko anasugua makalio kwenye mpapai. Puu! Puu! Mapapai chini. Nyani anaponda, anakamua, chururu, anachuja, anajaza kibuyu, huku akiimba:

"Kamua, chuja, kunywa!
Tumbo litanywea!
Kamua, chuja, kunywa!
Tumbo litanywea!"

Bi Kiboko anakunywa. Nyani anajitwika pakacha la makapi, huyoo, anakwenda kuyatupa. Aliyatupa wapi? Nyumbani kwake. Aliyatupa kinywani mwa mkewe. Aliyatupa kinywani mwa watoto. Aliyatupa kinywani mwa mama mkwe, na mjomba wa mama mkwe, aliyekuja kusalimia tu akasahau kuondoka. Yaliyobaki akajitupia mwenyewe.

Tumbo la Bi Kiboko likaanza kunguruma. Likanguruma mpaka Chura akaomba lipunguze sauti. Kisha likaanza kuendesha. Pururu! Pururu! Kambare akatoa kichwa majini, amekasirika.

"Bi Kiboko, sisi tulikuwa tunaishi kwa mavi yako. Yalikuwa mavi ya maana, yana nyasi ndani, watoto wanashiba. Siku hizi unatushushia maji matupu. Tumekukosea nini?"

"Niko kwenye juisi," akajibu Bi Kiboko kwa madaha.

Maana alikuwa anapungua. Shavu likaingia, kidevu cha pili kikaondoka, cha tatu kikakifuata. Siku moja akajitazama majini akaona kiuno. Akageuka nyuma kutazama ni cha nani. Kilikuwa chake! Swala akapita, akasema, "Shoga, umependeza!" Bi Kiboko akalisikia neno hilo tamu kuliko juisi yote aliyokunywa, akamwambia Nyani aongeze kibuyu.

Lakini asubuhi moja akasugua mpapai, papai lisianguke. Akasugua tena. Kimya.

"Mti umezoea," akasema Nyani.

"Basi panda wewe ukachume."

"Goti, bibie. Goti linanisumbua."

Bi Kiboko akamtazama. Nyani alikuwa amekaa chini, na tumbo limemkalia mapajani kama mgeni.

"Mbona wewe umenenepa?"

"Gesi," akasema Nyani, akajifunika kwa jani la mgomba.

Kiangazi kikaingia. Jua kali, upepo mkavu. Bwawa likashuka mpaka magotini, likashuka tena. Mgongo wa Tipwa ukabaki nje.

"Mama, mgongo unawaka."

"Vumilia mwanangu. Mama anakwenda kufungua maji."

Bi Kiboko akaenda mferejini. Akainamisha kichwa. Akatanguliza tumbo, lakini tumbo la kutanguliza halikuwepo. Akasukuma hivyo hivyo. Mafunjo yakainama kidogo, kama yanamsalimia, kisha yakamrudisha. Pwaa! Kakaa matopeni. Akainuka, akasukuma. Pwaa! Akainuka tena, akasukuma. Pwaa!

Wanyama wote walikuwa wamejipanga ukingoni, ndimi nje. Swala akapiga kelele: "Sukuma basi, Bi Kiboko! Unataka tufe kiu?"

Bi Kiboko akageuza kichwa, uso mzima matope. "Swala, kile kijiji ulichokicheka kimehama. Njoo usukume na miguu yako."

Swala akatazama miguu yake, akarudi nyuma ya Fisi.

Bi Kiboko akarudi kwa mwanawe. Tipwa alikuwa amelala kwenye tope, ngozi imeanza kupasuka, hata kulia halii tena. Mama mtu akalia yeye. Alilia kwa sauti, mbele za watu, na kiuno chake. Kile kiuno alikichukia siku ile kuliko alivyowahi kulichukia tumbo.

Kisha akafuta machozi, akaenda kwa Nyani akaombe juisi ya kuongeza nguvu. Maskini, bado aliamini.

Akakuta nini? Ukoo mzima umelala chini ya mti, matumbo juu, hakuna hata mmoja anayeweza kupanda tawi la kwanza. Mke wa Nyani, mviringo. Watoto, mviringo. Mama mkwe alikuwa anatafuna, makapi ya nanasi yanamtiririka kidevuni. Mjomba alikuwa amelala, lakini mdomo unaendelea kutafuna.

Bi Kiboko akalitazama tumbo la kwanza, la pili, la tatu. Akazitambua nyama zile. Zilikuwa zake.

"Nyani, makapi unayatupa wapi?"

"Bibie, yale ni uchafu tu, yale..."

"Uchafu mtamu huu," akasema mama mkwe bila kufumbua macho. "Leta mwingine."

Bi Kiboko hakugomba. Alifungua kinywa. Mmewahi kuona kinywa cha kiboko kikifunguka? Juu kule, chini huku, katikati meno kama mapanga. Ukoo wote ukaamka. Kukimbia hawawezi, kupanda mti hawawezi.

"Mwili wangu mnao ninyi," akasema. "Nauhitaji leo. Pandeni mgongoni."

"Wote?" akauliza Nyani.

"Mpaka mjomba."

Wakapanda. Nyani, mke, watoto, mama mkwe akisukumwa kwa nyuma, mjomba akivutwa mkono. Mgongo ukabonyea. Bi Kiboko akavuta pumzi, akaanza kwenda, ti! ti! ti!, kishindo kile cha zamani, huku akiimba:

"Panda, kaa, nyamaza!
Mlichokula kisukume!
Panda, kaa, nyamaza!
Mlichokula kisukume!"

Akateremka kilima mbio. Ukoo ukateleza mbele, ukateleza nyuma, makalio yanasuguana na mgongo wenye mchanga, mama mkwe anaita mizimu ya kwao. Wakayafikia mafunjo. Kacha! Yakapasuka. Kacha! Yakalala. Kacha! Kacha! Kachaaa! Maji ya mto yakasikia njia, yakaja, vuuu! Yakambeba Bi Kiboko, yakambeba Nyani na wakwe zake, yakawamwaga bwawani wote kwa pamoja. Chubwi!

Maji yakapanda. Yakamfika Tipwa tumboni, mgongoni, masikioni. Tipwa akazama, akatoka, akafumbua macho. Akamwona mama yake amejaa matope, nyani wa kila umri wamemng'ang'ania kila mahali, mjomba kakalia kichwa.

"Mama," akasema, "hicho ni kijiji?"

"Ndiyo mwanangu," akasema Bi Kiboko. "Na mjumbe wake ni mimi."

Tipwa akacheka. Safari hii mama yake akacheka naye.

Bi Kiboko akarudi kwenye nyasi zake, na Kambare akarudi kwenye riziki yake. Juisi hakuiacha, ni tamu, kwa nini aiache? Lakini sasa Nyani anatwanga tunda zima kinuni, nyama na makapi yake, hakuna kuchuja, na Bi Kiboko anakunywa akishashiba. Kwenye harusi iliyofuata Swala alimtandikia jamvi peke yake, akaficha sufuria. Na nyani, kwa msuguo wa siku ile, nywele za makalio hazijaota mpaka leo. Ukimwona, usimuulize, anajua mwenyewe.

Basi fundisho ni hili. Juisi ni ya kushushia chakula, si ya kufukuzia chakula. Na anayekuambia acha kula, mtazame kwanza yeye anatafuna nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kicheko aende nacho, mwenye njaa aende jikoni.