Koti la Buluu Msituni kwa Mapozi

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana bunduki zilikuwapo na makoti ya mvua yalikuwapo, kulikuwa na msitu mlimani, na ndani yake waliishi masokwe wakubwa, wale wanaoitwa gorila. Walikuwa wamebaki wachache. Sogeeni, na mwenye kusinzia aende akalale, kwa sababu mwishoni nitataka jibu.

Msituni humo alifanya kazi mtafiti mmoja, jina lake Nsimire. Kazi yake ilikuwa kuwajua masokwe wale ili wasiishe: wanakula nini, nani mgonjwa, nani kazaa. Lakini anayekukimbia utamjuaje? Basi akawazoesha. Alivaa koti la buluu, akakaa chini kwa mbali, akatafuna jani, akaangalia pembeni. Wakakimbia. Akarudi na koti lile lile, jani lile lile. Wakakimbia. Akarudi, akarudi, mpaka siku moja jike mmoja akabaki. Jike huyo alipenda kugeuza uso huku na huku kama anayepigwa picha, akaitwa Mapozi. Mapozi alipobaki, wengine nao wakabaki. Tangu hapo ikawa sheria: anayewaendea masokwe avae buluu, na mtu yeyote asipige kelele karibu nao.

Nsimire alikuwa na wenzake wawili. Zihalirwa alifuata nyayo na kung'oa mitego ya waya. Cikuru alilinda kileleni, filimbi ya kuwaita askari shingoni.

Jumamosi moja Zihalirwa alitembelewa na shemeji yake, kaka wa mkewe. Wakala, wakanywa, shemeji akauliza habari za kazi. Mnajua tena mtu akipata nafasi ya kujisifu mbele ya watu wa ukweni! Zihalirwa akasimulia yote: koti, jani, kuangalia pembeni. Mvua ikashuka. "Shemeji," mgeni akasema, "niazime hilo koti, nitakurudishia." Angemnyima? Wewe hapo unayenikodolea macho, ungemnyima shemeji yako?

Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ambayo hakuna anayewaendea masokwe. Cikuru, kule juu, akaona koti la buluu likipita kati ya miti. Akashika filimbi. Akaiachia. "Ni Zihalirwa huyo," akajisemea. "Nikipuliza nitawashtua wanyama bure, halafu nigombezwe."

Mwenye koti akakaa chini. Akatafuna jani. Mapozi alikuwa na mtoto kifuani. Akamwona, akageuza uso huku na huku, akabaki palepale. Mtu yule akatoa bunduki chini ya koti. Jamani, jamani! Mapozi hata kuinuka hakuinuka.

Mlio wa risasi ukawaleta askari, wakamkamata yule shemeji na mtoto wa sokwe ndani ya gunia, anampeleka kumuuza. Huyo mwacheni. Jela imeshammeza, na kesi yake haina la kuuliza.

Mkuu wa hifadhi akawaita wale watatu mbele ya mwili wa Mapozi. "Mmoja wenu ataondoka msituni leo," akasema, "na hatarudi tena maishani mwake."

Zihalirwa akalia waziwazi. "Mkuu, nilimwazima koti ndugu wa mke wangu asiloe. Sikumwazima bunduki. Cikuru ndiye aliyeona akanyamaza!"

"Niliona nini?" Cikuru akafoka. "Niliona koti lako! Na hiyo sheria ya kutopiga kelele sikuitunga mimi."

"Niliitunga mimi," Nsimire akasema. Alikuwa amepiga magoti, mtoto wa Mapozi kamng'ang'ania shingoni. "Mapozi alijua kukimbia. Alizaliwa anajua. Mimi ndiye niliyemfundisha asikimbie."

"Usingemzoesha, Dada," Zihalirwa akamwambia polepole, "ule mwaka alipougua kikohozi tusingeweza kumtibu. Angekufa zamani."

Mkuu akaguna. Akamtazama Nsimire: yule mtoto alikuwa amekataa maziwa ya kila mtu isipokuwa yaliyotoka mkononi mwake, na akiondoka, mtoto naye hataishi. Akamtazama Zihalirwa: akiondoka, mitego itabaki ardhini na masokwe wengine watanasa. Kisha akamgeukia Cikuru, na wote wakamgeukia.

Cikuru akarudi nyuma hatua. "Mbona mnanitazama mimi?" akauliza. "Kwa sababu kosa langu ndilo kubwa, au kwa sababu mimi sina wa kunililia?"

Gari la kumwondoa huyo mmoja lilikuwa tayari, dereva kashawasha.

Haya, wenzangu, nimemaliza yangu. Asiniambie mtu wasamehewe wote, wala waondoke wote. Mkuu kasema mmoja, na mlango wa gari uko wazi. Je, nani alistahili kupanda?