Tanuri la Mpangaji Lina Miguu

"Tanuri la mpangaji lina miguu," alisema Bibi Naelijwa, macho yake yakiwa bado kwenye ungo wa maharage.

Mjukuu wake Haika alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuwasimulia wenzake kuhusu marumaru ya rangi ya waridi atakayobandika kwenye fremu, chumba cha biashara alichopanga pale mjini Same, afungue saluni. Wakaangua kicheko. Tanuri gani tena, bibi? Na miguu ya nini?

"Chekeni, kisha msikilize. Msemo huu una mzazi, na mzazi wake aliitwa Namkunda."

Namkunda alioka mikate ya kuuza kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, pembeni mwa soko, mtoto mgongoni. Mikate ilipendwa, sufuria ndiyo haikutosha. Akadunduliza mpaka akalipia fremu ya Mzee Mndeme kwa mwaka mzima, akabakiwa na fedha za tanuri moja tu. Likimponyoka hilo, anarudi kwenye sufuria.

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, Mzee Mndeme alimtembeza mle ndani kama bwana harusi anayeonyesha nyumba mpya.

"Jenga tanuri lako la matofali, mwanangu, hapa ni kwako. Wenzako wote walijenga. Kaunta hii ya saruji aliiacha muuza nyama. Marumaru, kinyozi. Sinki ni la mama lishe, mtu safi kweli kweli!"

Namkunda akalipapasa lile sinki. Zuri, linang'aa. Sasa mtu analiachaje sinki kama hili?

"Baba, samahani kwa kuuliza. Mama lishe aliondoka kwa nini?"

"Aa, kodi ilipanda kidogo."

"Na kinyozi?"

"Hivyo hivyo. Si unaona chumba kilivyopendeza? Chumba kizuri na kodi ya chumba kibaya, wapi na wapi!"

Mzee alicheka, wala hakuwa na hila. Namkunda naye akacheka, lakini macho yakarudi ukutani. Kumbe kila mpangaji alikipamba chumba, chumba kikapanda bei, bei ikamtoa nje. Na pambo likabaki, maana nani ahame na ukuta?

"Baba, nikileta tanuri lisiloshikana na nyumba, siku nikihama ni langu?"

"Lako! Hata likufuate sokoni kama mbuzi!"

"Basi sema tena, majirani wasikie."

Mzee akatoka barazani akarudia kwa sauti, akiona ni mchezo. Namkunda akaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea.

"Fundi, tanuri linaweza kutembea?"

"Dada, umelala salama kweli?"

"Salama. Ndiyo maana nauliza."

Fundi akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaanza kukuna kidevu. Wakalaza pipa la mafuta, wakalikandika udongo ndani, wakalifunga miguu ya chuma na mikono ya kubebea. Soko zima likaja kulitazama. "Mama Mikate, lifunge kamba, lisikutoroke!"

Mwaka ukaisha. Fremu sasa ilinukia mkate na wateja walijipanga mpaka barabarani, basi kodi ikapanda. Namkunda alimwamkia mzee kwa heshima, akamshukuru, akawaita wabeba magunia. Tanuri likavuka barabara kuelekea chumba kingine, mikate ikiiva ndani yake, moshi ukiacha mkia nyuma. Na wateja wakalifuata, maana walikuwa wamekwisha kulipa.

Mzee Mndeme akabaki mlangoni, mikono kiunoni. "Kumbe lilikuwa la kukufuata kweli!"

"Si uliliruhusu mwenyewe, baba?"

Hakukasirika. Alivuka, akanunua mkate wa moto, na tangu siku hiyo kila aliyekuja kupanga kwake alimwambia kabla hajampa ufunguo, yale maneno mliyoyacheka.

Haika aliichezea ncha ya khanga yake.

"Bibi, wale wa duka nilikonunua watakubali kuyapokea tena marumaru yao?"

"Umeshayafungua?"

"Bado."

"Basi kimbia."

Haika alikuwa tayari anatafuta ndala zake. "Na vioo nitaning'iniza kwa kulabu," alisema akitoka. "Tanuri la mpangaji lina miguu."