Mashujaa Wawili kwa Sauti Moja

Siku za soko, Nkwenda hujaa watu hadi pa kuweka mguu hapapatikani. Wakulima hushusha mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, kisha wenye nafasi huingia banda la video la Elipidius. Humo ndani yeye hushika kipaza sauti na kuzifanya filamu za kigeni zizungumze Kiswahili. Wafalme, majambazi na walevi, wote huazima ulimi wake. Lakini watu wakitawanyika, mwenye ulimi huo hurudi nyumbani, akapika ndizi zake na kula peke yake, na siku nyingine hulala bila kusema na mtu. Upweke ulikuwa umemganda kama kupe.

Zamani haikuwa hivyo. Yeye na Cleophace walikuwa chanda na pete, wakitafsiri pamoja katika banda hilohilo. Elipidius alikuwa sauti ya Mzee Upanga, shujaa wa enzi za kale. Cleophace alikuwa sauti ya Komando Radi, mwenye helikopta na mdomo mchafu. Kisha Evaresta, mke wa Elipidius, akafariki. Nkwenda nzima ilikuja kuzika isipokuwa Cleophace. Hakuonekana mazishini, hakuonekana matangani, akahamia Kayanga na kufungua banda lake. Elipidius aliumia sana, akala kiapo kwamba hatakaa naye tena benchi moja.

Mwaka huu ikaja filamu iliyowatia watu wazimu: Mzee Upanga na Komando Radi wamekutanishwa pamoja! Wengine walibishana nani atampiga nani. Wengine walitaka tu kujua mtu wa upanga atamsalimuje mtu wa helikopta. Hamu yao ilikuwa moja, kuona dunia mbili zisizojuana zikipeana mikono.

Siku ya kuionyesha, banda lilifurika. Elipidius akajitwisha mashujaa wote wawili. Komando alipofungua kinywa tu, watu wakaguna.

"Huyo siyo Komando!"

"Komando wetu yuko Kayanga!"

Mmoja mmoja wakatoka, hadi yakabaki mabenchi. Joanitha, mdogo wa marehemu, aliyeuza chai mlangoni, akaingia.

"Shemeji, mfuate mwenzio."

"Hakumzika dada yako."

"Najua. Hata mimi nilimkasirikia. Lakini uliwahi kumuuliza kwa nini?"

Elipidius akazima filamu, akaanza kupanga mabenchi.

Kesho yake alikwenda Kayanga. Banda la Cleophace lilikuwa likionyesha filamu ileile, nalo nusu lilikuwa tupu. Akasimama mlangoni. Cleophace alikuwa akijikaza kumsemea Mzee Upanga kwa kuiga sauti ya rafiki yake, tena vibaya. Elipidius akashikwa na uchungu na kicheko kwa pamoja.

Kwenye kioo, mashujaa wawili wakakutana darajani. Mzee Upanga akafumbua kinywa, na kabla Cleophace hajamsemea, sauti yenyewe ikatoka mlangoni:

"Nilimzika mke wangu. Nilikutafuta kwa macho pale kaburini, sikukuona. Ulikuwa wapi?"

Watazamaji wakageukia mlangoni. Komando alichezesha midomo, lakini hakuna aliyemsemea. Cleophace aliweka kipaza sauti chini, akajibu kwa sauti yake mwenyewe.

"Nilikuja, Elipidius. Nilifika hadi kwenye migomba yako, nikakusikia unavyolia. Mimi ninayekula kwa kusema, nikakosa neno la kukuambia. Nikarudi. Kesho yake aibu ikazidi, na keshokutwa ikazidi tena. Nisamehe, ndugu yangu."

"Ungekaa tu," Elipidius alisema, machozi yakimtiririka. "Nani alikuomba maneno?"

Cleophace alitoa mfukoni kahawa za kutafuna, akamnyooshea kwa mikono miwili, kama mgeni apokewavyo kwao. Asiyetaka suluhu huzikataa. Elipidius alizitazama kitambo, kisha akachukua, akatafuna, akaketi naye benchi moja.

"Jamani, na filamu yetu?" mtazamaji mmoja akalalamika.

"Rudisha mwanzo," Elipidius akamwambia mwenzake.

Mashujaa wakakutana upya darajani, safari hii kila mmoja na sauti yake. Kati ya Nkwenda na Kayanga vilima ni vingi, na hakuna hata kimoja kilichosogea. Waliosogea ni watu. Hakika, milima haikutani, binadamu hukutana.